Ni Nani Aizikaye Talanta?

Wasomaji wetu wanaujua vema mfano wa talanta alioutoa Bwana wetu katika Injili ya Mtakatifu Mateo. Huhubiriwa mara nyingi, na karibu kila mara lawama hutupwa upande mmoja, yaani kwake yule mtumishi aliyechimba shimo akaificha fedha ya bwana wake. Mwenye kipaji akikataa mwito, huambiwa ameizika talanta yake. Binti mwenye sauti nzuri katika kwaya ya parokia akisema kwamba wiki hii hawezi, kwa kuwa koo limechoka kwa harusi tatu na mazishi mawili, papo hapo hunyoshewa kidole: Mungu alimpa bila malipo, na sasa anawanyima watu! Neno hili yatupasa kulichunguza, maana linawaumiza wengi. Je, mwenye kipaji hana haki ya kukataa? Tena, je, ni yeye peke yake awezaye kuizika talanta?

Ili tusiseme hewani, tutazame maisha ya mwimbaji mmoja ambaye habari zake zajulikana ulimwenguni, Leontyne Price wa Marekani. Kazi yake ilikuwa opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, kundi kubwa la wapiga ala likiwa mbele ya jukwaa. Sauti yake ni soprano, ile ya juu ya wanawake, ambayo wanakwaya wetu huiita sauti ya kwanza. Desturi ya opera ni kuimba bila kipaza sauti. Jumba la Metropolitan la mjini New York, lililofunguliwa mwaka 1966, lina viti vipatavyo 3,800, na aketiye kiti cha nyuma kabisa amelipa ili asikie kila neno. Kazi hiyo yote hufanywa kwa pumzi na kwa nyuzi mbili za kooni zisizofika urefu wa sentimita mbili. Atakayelifikiri jambo hilo hatashangaa kwamba sauti huchoka, na pengine huharibika kabisa.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1927 katika mji wa Laurel, Mississippi, kusini mwa nchi ile, ambako siku zile sheria ziliwatenga watu Weusi na Weupe shuleni na katika magari. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao. Mama yake alikuwa mkunga na mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao la Kimethodisti. Mtoto alipoonyesha kupenda muziki, wazazi hao waliitoa gramafoni yao iwe malipo ya kwanza ya piano. Tusipite hapa upesi. Katika nyumba ya mfanyakazi, gramafoni ilikuwa mali. Walikubali kuacha kusikiliza muziki wa wengine ili muziki wa mtoto wao uzaliwe, wala hawakuwa na hakika yo yote kwamba utazaliwa.

Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alimpeleka mjini Jackson kumsikiliza Marian Anderson, mwimbaji Mweusi mwenye sauti ya kike ya chini, ambaye Ulaya ilikwisha kumsifu. Wakati huo Metropolitan ilikuwa haijampa hata mwimbaji Mweusi mmoja nafasi katika opera zake. Mlango ule ulifunguliwa tarehe 7 Januari 1955, na wa kwanza kuupita alikuwa Marian Anderson mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 57, na miaka bora ya sauti yake ilikwisha kupita.

Hapa ndipo twaliona kosa ambalo mahubiri yetu hulisahau. Marian Anderson hakuchimba shimo lo lote. Alitembea mabara akifanya kazi kwa kile alichokabidhiwa. Waliochimba ni wale walioshika funguo za jumba. Na mwaka ule ule wa 1955, Leontyne Price alipoimba opera ya Tosca katika televisheni, baadhi ya vituo vya kusini vilikataa kuuonyesha mchezo kwa sababu ya rangi yake. Huko nako ni kuzika, tena ni kuzika mali ambayo bwana wake hakukukabidhi wewe. Ikiwa mtumishi aliyeificha talanta aliyopewa mwenyewe alihukumiwa vikali namna ile, atajibu nini aliyeifukia ya mwenzake? Wala tusiwatazame Wamarekani peke yao. Baba anayemwondoa binti yake shuleni, akijua kwamba ana akili kuliko kaka zake wote, kwa kuwa mahari imekwisha kutajwa, naye ana jembe mkononi.

Lakini iko namna nyingine ya kuzika, nayo ni ngumu kuitambua kwa sababu huvaa nguo ya sifa. Ni kudai mno. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Metropolitan ilimwita Leontyne Price aimbe Aida, naye, kwa shauri la watu waliomtakia mema, akakataa. Aida ni binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa akawa mtumwa huko Misri, na washauri wake hawakupenda mwimbaji Mweusi auingie mlango ule kwa mara ya kwanza akiwa katika sura ya mtumwa. Tena alikuwa bado na mengi ya kujifunza. Aliimba kwanza Vienna, na mwaka 1960 La Scala mjini Milano. Ndipo tarehe 27 Januari 1961 akaingia Metropolitan kama Leonora, bibi wa nyumba ya kifalme, katika Il trovatore ya Verdi. Ilitangazwa kwamba makofi yalidumu dakika 42. (Mtakatifu Augustino katika Maungamo yake alijilaumu kila alipoguswa na uimbaji kuliko na maneno yaliyoimbwa. Twajiuliza angeandika nini juu ya dakika 42.)

Hazikupita miezi tisa. Mnamo Oktoba alipewa kufungua msimu kwa La fanciulla del West ya Puccini, mchezo mzito kwa sauti ya namna yake. Katika onyesho la pili sauti ilianza kumwacha. Akaimaliza sehemu ya pili akiyasema maneno kwa nguvu badala ya kuyaimba, na Dorothy Kirsten akaitwa aimalizie sehemu ya tatu. Miaka karibu minne kabla ya hapo, tarehe 2 Januari 1958, Maria Callas alikuwa akiimba Norma mjini Roma, Rais Gronchi wa Italia akiwapo ukumbini. Aliumwa, na baada ya sehemu ya kwanza hakurudi tena jukwaani. Magazeti yalimtukana kana kwamba ameidharau Italia nzima. Baadaye mahakama ilimpa haki.

Mmoja aliacha, mwingine alishikilia hata sauti ikakatika. Ni yupi aliyetenda vema? Aliyefanya mapatano amefungwa na haki, na walionunua tikiti si watu wa kuchezewa. Hata hivyo walimu wa maadili hufundisha kwa umoja kwamba hakuna mtu afungwaye kwa jambo lisilowezekana, wala hakuna awezaye kuijua hali ya koo isipokuwa mwenye koo. Sisi hatuoni kwamba Callas alikosa kwa kuacha. Swali la haki lilipaswa kuulizwa mapema zaidi, siku ile ya kusema ndiyo, na hapo hawaulizwi waimbaji peke yao. Waulizwe pia wakuu wa majumba, ambao hutaka jina katika tangazo na hawajali kitakachobaki cha mtu msimu ukiisha. Waliopiga kelele Roma walidhani kwamba kwa bei ya tikiti wamelinunua na koo.

Labda mtu atasema: kwa fundisho hili kila mvivu atapata maficho. Hofu hii ni ya kweli, na Injili yenyewe yatupa kipimo. Yule mtumishi alieleza sababu yake: aliogopa, na alimdhani bwana wake kuwa mtu mgumu. Tena talanta ilirudi vile vile ilivyokwenda. Kwa hiyo mtu akikataa, tumtazame anafanya nini na muda alioupata. Leontyne Price alipumzika, akarudi, akashikamana na kazi za Verdi na Mozart zilizofaa sauti yake. Katika miaka ya 1970 alipunguza sana opera, akaimba zaidi peke yake na mpiga piano. Tarehe 3 Januari 1985 aliaga opera kwa Aida, ile ile aliyokuwa ameikataa, akiwa na miaka 57 na sauti ambayo watu walikuwa bado wanaifurahia. Fedha ile haikukaa ardhini.

Na liko jambo ambalo msomaji Mkatoliki atapenda kulijua. Mara ya kwanza alipopanda jukwaa la jumba kubwa la opera, mjini San Francisco mwaka 1957, aliimba nafasi ya Mama Lidoine katika mchezo wa Poulenc juu ya Wakarmeli wa Compiègne. Watawa hao na wenzao, jumla watu 16, walikatwa vichwa mjini Paris tarehe 17 Julai 1794, na Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Desemba 2024. Katika mchezo huo Mama Lidoine anawazuia masista wake wasiukimbilie ufiadini kama watu wakimbiliao heshima. Kazi yao ni sala. Siku inapofika bila wao kuitafuta, wanakwenda wote wakiimba Salve Regina, na kila kisu kinapoanguka sauti moja inapungua. Yule aliyewazuia jana hawazuii leo, na hatuoni kwamba amebadili shauri.

Leontyne Price aliacha kuimba mbele ya watu mwaka 1997. Tarehe 30 Septemba 2001, wiki chache baada ya mashambulio yaliyowaua karibu watu 3,000 nchini Marekani, alisimama katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, mwenye umri wa miaka 74, katika onyesho la kuwakumbuka marehemu. Aliimba nyimbo mbili: mmoja wa dini, uimbwao makanisani mwa watu Weusi wa nchi ile, na mwingine wa kuiombea nchi yake.