Nani Aliyewaita Duniani?

Ukitaka kuichafua baraza ya Mkokotoni usitaje siasa wala mpira. Taja mbwa. Sisemi mbwa koko wanaozurura dikoni wakisubiri matumbo ya samaki, hao tumewazoea. Taja mbwa mdogo wa kukaa ndani, mwenye manyoya marefu na uso bapa, anayelala juu ya mto na kupakatwa kama mtoto mchanga. Hapo kila mtu atakutolea fatwa yake.

Mie nimezisikia zote, maana kwa wiki kumi niliajiriwa kumtunza mbwa jike wa namna hiyo, jamii ya Shih Tzu, pamoja na watoto wake wanne, katika nyumba moja ya kupanga nje kidogo ya mji wetu. Bibi mwenye nyumba alitoka naye Dar es Salaam akiwa tayari na mimba. Mie skuli nimemaliza, kazi sina, nina mswada wa riwaya chini ya godoro. Nikakubali.

"Huoni najisi?" Hilo ndilo swali nililoulizwa kila siku, na aghalabu lilikuwa la mwisho. Lakini swali hilo jibu lake hata mtoto wa chuoni analijua. Wengi wetu Unguja tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba hukoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa Imamu Malik mbwa si najisi. Basi mie nilikuwa na ndoo yangu, kata yangu na udongo safi ndani ya kopo. Nguo za kazini mbali, za kuswalia mbali. Kitu chenye utaratibu wake wa kukosha hakiwezi kumkosesha mtu usingizi. Wala dini haikumtupa mbwa. Suratul Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na katika hadithi za Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa. Na wasasi wa kisiwa hiki, Waislamu kama sisi, waliingia msituni na mbwa, nyavu na mikuki kuwafukuza nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mihogo ya watu.

Nilipomfikiria mbwa wa msasi ndipo swali langu liliponijia. Yule alizaliwa kwa sababu mihogo inaliwa. Hawa wanne wangu walizaliwa kwa sababu gani? Nani aliyewaita duniani, na amewaitia nini?

Hebu kwanza nikueleze kuwalea kulivyo, maana wengi wanabishana juu ya jambo wasilowahi kulishika.

Mbwa hubeba mimba kama siku 63. Siku za mwisho nilipewa kipima joto, nimpime asubuhi na jioni. Joto la mbwa ni kama nyuzi 38 na nusu. Likishuka chini ya 37, basi kwa kawaida hazipiti saa ishirini na nne atazaa. Lilishuka Alkhamisi alasiri. Akaanza kuparura vitambaa, kuhema, kukataa chakula. Wa kwanza alitoka saa nane za usiku, wa mwisho karibu na adhana ya alfajiri, naye mdogo kweli kweli: mizani ya jikoni ilisema gramu 90.

Mtoto wa mbwa akizaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka baada ya siku kumi hadi kumi na nne hivi. Hajui hata kutetemeka ili mwili upate joto, kwa hiyo wiki ile ya kwanza sanduku lao linatakiwa liwe na joto la nyuzi kama 30, na umeme wetu mnaujua. Usiku wa tatu ulikatika. Nikajaza maji moto katika chupa, nikazivisha soksi, nikawazungushia. Na hawezi kukojoa mwenyewe! Mama humlamba chini ya tumbo ndipo mkojo utoke. Asipolambwa, na kama hapana mtu wa kumpangusa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, anakufa. Niliketi pale na kandili nikiutazama ulimi ule ule tunaoukosha mara saba, na watoto wanne uhai wao wote uko juu yake. Sikutoa fatwa yoyote. Nilitazama tu.

Yule mdogo ndiye aliyeninyima usingizi. Vijibwa vya jamii hizi ndogo havina akiba mwilini. Akikosa kunyonya kwa saa chache sukari ya damu inashuka, analegea, anatikisika, halafu basi. Daktari wa mifugo alituelekeza tumpake asali kwenye ufizi na tumlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa mbili. Maziwa ya ng'ombe hayafai, ni mepesi mno mbele ya maziwa ya mbwa, kwa hiyo maziwa maalumu ya unga yaliletwa kwa boti kutoka Dar. Nikawa naamka kama mzazi. Wallahi, mama yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Akapona. Wiki ya tatu wakaanza kutambaa nje ya sanduku, wiki ya nne wakala uji wa nyama iliyosagwa, wakapewa dawa ya minyoo. Na wiki ya sita nikaanza kusikia kitu. Yule mdogo alikuwa akikoroma akiwa macho.

Ndivyo alivyo mama yake pia. Mbwa hana jasho la kumpoza kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Sasa mtu amechukua mbwa, kizazi baada ya kizazi akachagua wenye pua fupi zaidi, kwa kuwa uso bapa wenye macho makubwa unafanana na uso wa mtoto wa binadamu na unampendeza. Fuvu likafupika, lakini nyama za ndani ya koo hazikupungua kwa kipimo hicho. Hewa inapita kwa taabu. Mlete mbwa huyo Mkokotoni katika msimu wa kaskazi, saa saba za mchana! Yule mama alikuwa halitoki sakafu ya vigae, kifua juu, ulimi nje, feni inamzungukia yeye peke yake. Hakuna ugonjwa alioambukizwa. Umbo lake ndilo ugonjwa wake, na umbo hilo alipewa kwa makusudi.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipoliteka Kasri la Majira ya Joto huko Beijing, askari walikuta mbwa wadogo watano wa kifalme wa jamii ya Pekingese. Mmoja akapelekwa kwa Malkia Victoria, akaitwa Looty, yaani aliyeporwa. Jina halikuficha kitu. Na leo ziko jamii za mbwa wenye uso bapa, kama bulldog wa Kifaransa, ambazo nchini Uingereza zaidi ya asilimia 80 ya mizao ilionekana kufanyika kwa kupasuliwa, kwa sababu kichwa cha mtoto hakipiti katika nyonga ya mama. Yaani tumetengeneza mnyama asiyeweza kuzaliwa bila kisu.

Rafiki yangu mmoja, ambaye naye anaandika (mashairi, Mungu amsaidie), aliniambia ninajitafutia huzuni. Mbuzi pia tunamwita sisi duniani, kisha tunamla, mbona humlilii? Nikamjibu mbuzi wa kijijini anatembea, anapumua, anazaa mwenyewe, na siku yake moja mbaya ni ya mwisho. Akasema: na kuku wa kisasa je, anayenona kwa wiki tano au sita mpaka miguu inashindwa kumbeba? Hapo nikanyamaza, maana amesema kweli. Kuku yule na kijibwa changu ni kesi moja. Tofauti ni kuwa kuku tunampa mwili mbovu kwa sababu ya tumbo letu, na kijibwa kwa sababu ya macho yetu. Sijui kipi kibaya zaidi, ila najua kuwa anayemwita mwenzake kwa raha tu hana hata kisingizio cha njaa.

Lakini liko pingamizi zito kuliko hilo. Mtu atasema: kijibwa hicho kisingezalishwa kwa namna hiyo kisingekuwepo kabisa. Je, si afadhali kupumua kwa shida kuliko kutokuwepo? Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit alilipasua kichwa fumbo la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1984, *Reasons and Persons*: utasemaje umemdhulumu mtu kwa tendo ambalo bila hilo asingekuwepo? Mie elimu yangu ni ya sekondari, sitajidai nimelifumbua. Ila naona hivi. Hakuna foleni ya watoto wa mbwa wasiozaliwa wanaotusubiri huko wakilia tuwafungulie mlango. Nikiacha kuzalisha, hakuna aliyenyimwa. Nikizalisha, yupo mmoja, ana pua, na pua hiyo imeziba. Deni linaanza pale anapokuwepo. Sisi waandishi tunawaita wahusika wetu na kuwaua sura ya tatu tukitaka, na hatudaiwi. Mhusika hana kifua cha kubana.

Wako waliokwisha kuliona hilo kisheria. Uholanzi mwaka 2019 iliweka kipimo: mbwa ambaye pua yake haifiki theluthi ya urefu wa fuvu asizalishwe. Norway, Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilikataza uzalishaji wa jamii ya Cavalier, vijibwa vizuri sana vya mapajani, kwa sababu ya maradhi ya moyo na ya fuvu wanayorithishana. Uingereza tangu mwaka 2020 dukani hakuuzwi mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita. Mnunuzi anakwenda kwa mzalishaji, au anachukua katika kituo cha kuokolea wanyama. Hapa kwetu watu watacheka: wanadamu wenyewe hawajashiba! Kweli. Lakini aliyeleta maziwa ya unga kwa boti hakuwa na njaa, na swali langu ni lake, si la mvuvi wa Tumbatu.

Walipotimiza wiki nane wakauzwa. Wawili wakaenda Dar, mmoja Mjini. Yule mdogo kila aliyekuja alimsikia akikoroma akamrudisha sakafuni. Mwisho akachukuliwa kwa bei ya kutupa na mtu aliyekuja na gari jioni. Nikauliza anapelekwa wapi, anajua kwamba mchana asitolewe nje? Nikaambiwa hayo sasa ni ya mnunuzi. Katika madhehebu yetu bei ya mbwa imekatazwa, na mie siku zote nilidhani ni kwa ajili ya unajisi tu. Mie si shekhe, sifasiri. Nasema nilichokiona jioni ile: fedha ilipopokelewa, kilichokuwa juu ya mtu kilishuka. Kijibwa hakikushuka na chochote. Kilikwenda na kifua chake.

Mbwa jike hushika joto kila baada ya miezi sita hivi. Wiki iliyopita bibi yule amenitumia ujumbe: dume ameshapatikana, uso bapa zaidi kuliko yule wa kwanza, je nitakuja tena? Malipo ameongeza. Mswada wangu una kurasa mia mbili na kumi za mkono, na mchapaji wa Mjini anataka fedha mbele.

Sijamjibu.