Mwanga wa Mama wa Beseni

Baada ya sala ya Isha nilipanda daraja la waenda kwa miguu la Manzese, nikaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikaielekeza Ubungo. Kushoto magari yalikuwa yakienda zake, taa nyekundu. Kulia yakija mjini, taa nyeupe. Katikati ni njia ya mwendokasi. Nikapanga ISO 100, tundu la lenzi f/11, muda wa sekunde 20. Daraja hutikisika watu wakipita, kwa hiyo nilingoja nyayo zitulie ndipo nikabonyeza.

Picha ilipotokea, magari hayakuwemo. Palikuwa na michirizi ya nuru tu, myekundu huku na myeupe kule, na uzi mwembamba wa bodaboda uliopindapinda ukijipenyeza. Muuza kahawa aliyeketi kando ya jiko lake alionekana, yeye na birika lake. Lakini mama aliyempita mbele akiwa na beseni kichwani, niliyemwona kwa macho yangu, hakuonekana.

Mwaka 1838 Louis Daguerre aliipiga picha Boulevard du Temple, mjini Paris. Lenzi ilibaki wazi kwa dakika kadhaa, na barabara yenye pilikapilika ikatokea kana kwamba imehamwa. Aliyesalia ni mtu aliyesimama mahali pamoja akisafishiwa viatu.

Je, anayepita bila kuacha alama, alikuwapo kweli? Swali hili linanigusa. Bibi yangu mzaa mama, aliyeuza vitumbua Kilwa Kivinje hadi uzeeni, hakuacha picha hata moja. Wajukuu zake wadogo hawaijui sura yake. Nasi tumezoea kuyapima maisha kwa kilichobaki: nyumba, jina, shamba. Kwa kipimo hicho, bibi ni kama mama wa beseni.

Lakini kipimo hicho hakifai, na kamera yenyewe ni shahidi. Mama yule alipopita, mwanga wa taa za barabarani uliigonga khanga yake ukarudi hadi kwenye lenzi. Uliingia. Ila kila alipokanyaga alikaa labda nusu sekunde, na muda wote uliosalia ulikuwa wa ukuta uliokuwa nyuma yake. Mwanga wake haukufutwa, ulizidiwa. Asingepita, picha ile ingekuwa tofauti, kwa kiasi ambacho jicho langu haliwezi kukitambua. Yumo. Mimi ndiye simwoni.

Miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu ni Al-Baswir, Mwenye kuona. Utotoni jina hilo lilinitia hofu, kwa kuwa nilifikiria makosa yangu ya sirini tu. Sasa linanifariji. Surat Zilzala inapotaja hata chembe ya wema, namkumbuka bibi akikoroga unga alfajiri, na ninaamini kwamba hakuna hata alfajiri moja iliyopotea. Kuonekana na watu kunataka nuru nyingi na muda mrefu. Kuwapo mbele ya Mola hakuhitaji hayo.

Nilikunja vifaa, nikashuka hadi kwa muuza kahawa.

"Shikamoo, mzee. Yule mama aliyepita na beseni, unamfahamu?"

"Marahaba, mwanangu. Yule?" Akanimiminia kikombe. "Hupita hapa kila usiku, saa hizi hizi."