Makosa ya Mwanafunzi Hulipwa na Nani?

Nataka kuwaletea swali lililonisumbua tangu msimu wa korosho uliopita. Nadhani wengi wenu mnalo nyumbani mwenu, ijapokuwa hamjalitazama. Mtu ajifunzapo kazi ya mikono hana budi kukosea. Je, makosa hayo yampate nani?

Mimi ni mwalimu wa shule hapa Kitangari. Miaka miwili iliyopita, nguzo za umeme zilipofika mtaani petu, nilinunua mashine kuukuu ya kuchomelea chuma, nikajenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, nikaanza kujifunza peke yangu nyakati za jioni. Sababu haikuwa kubwa. Bawaba ya lango langu ilikatika, na nauli ya kwenda Newala na kurudi, pamoja na ujira wa fundi, ilinichosha.

Kazi hii yapendeza, sikatai. Kijiti cha chuma kilichovikwa unga mgumu hushikwa kwa koleo na kugusishwa kwenye chuma. Moto wa umeme huruka katikati yao, na ukali wake wapita mbali nyuzi 1,538, ambazo ndizo za kuyeyusha chuma. Kingo za vyuma viwili huyeyuka, kijiti nacho huyeyuka pamoja nazo, vyote vikawa kidimbwi kimoja. Ule unga huungua ukatoa moshi wa kukikinga kidimbwi na hewa, kisha huacha ganda juu yake. Likipoa waligonga kwa nyundo, labanduka, na chini yake waona mstari ung'aao, wenye mawimbi madogo madogo kama magamba ya samaki. Hapo moyo wa mwanafunzi hujaa kiburi, nami sikukosa sehemu yangu.

Lakini mstari mzuri waweza kulala juu ya chuma bila kukiingia. Nguvu ya umeme ikiwa ndogo, au mkono ukienda mbio, au kutu na rangi zisipokwanguliwa, au vijiti vikiwa vimepata unyevu wa masika, kile kilichoyeyuka huganda juu kama nta juu ya meza, na ndani mna matundu na taka. Kwa macho, kiungo kizima na kiungo kibovu huenda visitofautiane hata kidogo. Uzuri wa mkakasi, walisema wazee, ndani kipande cha mti. Wachongaji wetu wa Kimakonde hawana siri ya namna hii. Mpingo ukipasuka, mnunuzi auona ufa, na akinunua amenunua pamoja na ufa wake. Chungu cha mfinyanzi kikiwa kibovu huvuja siku ile ile, na hasara ni maji. Kiungo cha chuma hutunza siri yake mpaka siku ya mzigo.

Jirani yangu mmoja, mtu mzima ambaye nimezoea kumwita mjomba, aliniletea baiskeli yake iliyovunjika keria. Nikaiunga, nikapokea shilingi elfu mbili, akaenda zake akinishukuru. Baada ya majuma matatu alikuwa akiteremka na gunia la korosho kulipeleka ghalani. Keria ikakatika pale pale nilipoiunga, gunia likaangukia gurudumu, naye akatupwa chini akavunjika mkono. Nilipokwenda kumwona nilimwamkia, akaniitikia vizuri, kisha akaniuliza, "Mwalimu, uliniambia kwamba wewe ni fundi?"

Nikasema, "La, mjomba, sikukuambia hivyo."

Akasema, "Wala hukuniambia kwamba bado unajifunza."

Hakuongeza neno jingine, akaanza kuniuliza habari za watoto.

Rafiki zangu walinituliza kwa hoja nyingi. Kila fundi, walisema, alianza kwa kuharibu. Ujira wenyewe ulikuwa mdogo. Mzee alijua kwamba mtu wa chaki si mtu wa nyundo. Tena kama ningalikataa, angaliifunga keria kwa mpira, nayo ingalianguka vile vile. Hoja hii ya mwisho niliishika kwa muda mrefu, maana yaonekana kuwa kweli.

Lakini tazameni. Mtu aliyefunga keria yake kwa mpira ajua alichokifunga. Mzigo huupunguza, na akifika mteremkoni hushuka akaikokota baiskeli kwa mkono. Mjomba hakushuka. Alikaa juu ya baiskeli kwa sababu alikiamini kiungo changu. Basi keria yake sikuitia nguvu yo yote. Nilichofanya ni kumwondolea hadhari yake, na mahali pake nikamwekea mstari ung'aao. Ndiyo maana nasema kunyamaza kwangu kulimwumiza kuliko mkono wangu mbovu. Mkono mbovu waweza kusamehewa, kwa kuwa hakuna ajuaye kabla ya kujifunza. Neno moja la kusema, "Bado najifunza, usiupande mteremko kwa kiungo hiki," halikuhitaji ufundi wo wote.

Zamani nilipokuwa nikisikia habari za wahunzi wa kale, jinsi mtoto aliyepelekwa kujifunza alivyovukuta mifuo na kuchoma makaa siku nyingi kabla ya kukabidhiwa nyundo, nilidhani ni choyo cha wazee. Sasa naona vingine. Jembe bovu la mwanafunzi lilirudishwa motoni mbele ya mwalimu wake. Chuma hakikupotea, wala jembe hilo halikufika shambani kwa mtu likamkatikia wakati wa kulima. Sisi tujifunzao nyumbani tumepata mashine pasipo mhunzi. Hakuna wa kuturudishia kazi motoni, na kwa hiyo makosa yetu hutoka kibandani yakaenda na watu.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya vijijini tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani waliunda meli kwa haraka sana, wakiyaunga mabamba kwa umeme badala ya kuyapiga ribiti, na waungaji wengi walikuwa wageni katika kazi hiyo. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady, mpya kabisa, ilikuwa imetulia gatini huko Portland katika jimbo la Oregon, maji yakiwa shwari. Ghafula ikapasuka toka sitaha mpaka karibu na mkuku. Viungo vibovu vilitajwa miongoni mwa sababu, pamoja na chuma chenyewe kilichokuwa chepesi kuvunjika kwenye baridi. Na kwa kuwa mabamba yote yalikuwa yamefanywa kitu kimoja, ufa ulioanza haukupata mahali pa kukoma.

Nyumbani nako kuna walipaji. Mwanga wa kazi hii una miali isiyoonekana iunguzayo macho, nayo haiumi papo hapo. Binti yangu alichungulia katika tundu la bati nikichomelea, mimi nikiwa na kioo cheusi usoni. Usiku aliamka akilia kwamba macho yake yamejaa mchanga, na siku mbili zikapita kabla hajapona. Moshi nao si mwema. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka katika orodha ya mambo yaletayo saratani kwa wanadamu. Mimi nimeichagua kazi hii. Mke wangu, apikaye hatua kumi kutoka kibandani, hakuichagua. (Habari za pipa tupu la petroli sizihesabu kabisa. Akija kijana nalo namfukuza, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka, na hapo hakuna kujifunza mara ya pili.)

Wako wasemao kwamba asiyepita VETA asiguse mashine. Neno hilo lina busara, na VETA huwapima hata wale waliojifunza kazini bila kukaa darasani. Lakini mwenye jamaa na kazi nyingine hawezi kuondoka kwa miezi, na kijiji chahitaji watu wa kuunga vyuma. Mimi sikuacha. Nimeacha kupokea kazi itakayombeba mtu au kuning'inia juu yake. Kila jioni naunga vipande viwili vya chuma chakavu, navibana katika jiliwa, navipiga nyundo mpaka vivunjike, nipate kutazama ndani. Katika kumi vya kwanza, saba vilibanduka kama ganda la muhogo, nikaona haya ingawa hakuna aliyeniona.

Mwezi uliopita mjomba alikuja tena, mkono umekwisha pona, amebeba ubavu wa kitanda cha chuma. Nikamwambia, "Mjomba, bado najifunza." Akacheka, akasema, "Basi nionyeshe." Nikaunga vipande viwili mbele yake, vikapoa, nikampa nyundo. Pigo la kwanza vilipinda, la pili vikapinda zaidi. La tatu vikaachana. Akaviokota, akavigeuza juani, akatazama kwa muda mrefu mahali penye tundu dogo jeusi.

"Bado, Mwalimu," akasema, akachukua ubavu wake wa kitanda akaenda nao nyumbani.