Wale Tuliowapita Njiani

Somo la wiki: Nehemia 8:1–12



Wiki hii tunamkuta Ezra akisoma kitabu cha zamani. Watu wamekusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, Yerusalemu, siku ya kwanza ya mwezi wa saba. Ezra amesimama juu ya jukwaa la mbao, anasoma tangu mapambazuko hadi adhuhuri. Anachosoma si kipya. Ni Torati ile ile ya Musa, ambayo babu zao waliisikia, wakaipuuza, wakachukuliwa uhamishoni. Walawi wanawafafanulia watu maana yake, na watu wanaangua kilio. Ndipo wanaambiwa wafute machozi, waende wakale vinono na kunywa vitamu, wala wasisahau kumpelekea fungu yule asiyeandaliwa kitu.

Naomba tutafakari tendo lililofanyika pale: watu kurudia pamoja habari wanayoijua. Mfano wangu nitauchukua mahali ambapo wazee wengi wa kanisa hawana mazoea napo, yaani kwa mashabiki wa gemu za zamani.

Zipo gemu za video ambazo mchezaji hubeba nafasi ya mhusika, akasafiri naye mji kwa mji, akazungumza na watu, akapata wenzake wa njiani, na hadithi ikaenda kwa makumi ya saa. Huko Japani aina hii ilipata umaarufu mkubwa kwa Dragon Quest, iliyotoka mwaka 1986, na Final Fantasy, iliyofuata mwaka 1987. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipofunguliwa tarehe 23 Julai 2021, wanamichezo wa mataifa yote, Kenya na Tanzania wakiwemo, waliandamana kwa muziki wa gemu za video za Kijapani, na wimbo wa kwanza ulikuwa ule wa Dragon Quest. Waliozicheza utotoni leo ni watu wazima wenye familia. Wanazirudia, wanakaa pamoja kuzijadili, wanabishana juu ya mhusika huyu na uamuzi ule. Mwisho wa hadithi wanaujua, na bado wanarudi.

Gemu moja inatufaa zaidi. Nchini Japani inaitwa Mother 2, na ilitoka mwaka 1994. Mwaka uliofuata iliuzwa Marekani kwa jina la EarthBound. Aliyeitunga ni Shigesato Itoi, mwandishi aliyejulikana kwanza kwa matangazo ya biashara. Shujaa wake ni mtoto wa kiume aitwaye Ness. Hana upanga wala farasi; anatoka nyumbani na kofia yake na gongo la besiboli. Akikaa mbali muda mrefu anashikwa na hamu ya nyumbani hadi anashindwa kupigana vizuri, na dawa yake ni kumpigia simu mama. Baba yake haonekani hata mara moja katika hadithi nzima. Sauti yake tu ndiyo inayosikika kwenye simu, na ndiye anayemhifadhia mtoto kumbukumbu ya safari yake na kumwekea fedha benki.

Katika safari hiyo Ness anaungana na watoto wenzake watatu, mmoja wao msichana aitwaye Paula. Kila mtoto ana uwezo wake wa kupigana. Paula ana amri moja ya ziada: kuomba. Kwa sehemu kubwa ya mchezo amri hiyo haina msaada wa kutegemewa. Mara huponya kidogo, mara haileti kitu, mara hugeuka kuwa hasara. Wachezaji wengi huijaribu mara chache, kisha huisahau.

Halafu wanafika kwa adui wa mwisho, Giygas, na hapo silaha zote zinagonga mwamba. Hakuna pigo linalommaliza. Njia iliyobaki ni ile amri iliyosahaulika. Paula anaomba, na mchezo unatuonyesha mtu mahali pengine, mbali kabisa, anashtuka moyoni na kuanza kuwaombea watoto hawa. Anaomba tena, na mtu mwingine anaguswa. Wanaoguswa ni watu wa kawaida tuliokutana nao njiani: wanamuziki ambao watoto waliwakomboa katika deni, wazazi wa Paula, Tony aliyekuwa rafiki wa shule wa mmoja wa watoto, mama yake Ness. Yumo hata Frank, kiongozi wa genge la vijana ambaye Ness alipigana naye mwanzoni kabisa, katika mji wake mwenyewe. Kisha sala moja inamezwa na giza na haipati jibu. Paula anaomba tena, na mara hii sala inamfikia mtu aliye nje ya hadithi, yule aliyeketi mbele ya televisheni. Huko nyuma mchezo ulimwomba aandike jina lake halisi. Sasa jina hilo linatokea kwenye kioo, kwamba naye anawaombea, na adui anaanguka.

Mchezaji wa mara ya kwanza hapa hushangaa tu. Anayerudia huona zaidi. Anaanza safari upya huku akijua kwamba huyu kijana wa genge, huyu mpiga ngoma mwenye deni, huyu mwanafunzi wa bweni, siku moja atapiga magoti kwa ajili yake. Mara ya kwanza alizungumza nao ili apate habari ya njia, akapita zake. Mara ya pili anasimama, anasikiliza, anarudi kuwasikiliza tena. Ndiyo maana mashabiki hawa wanaweza kujadili kwa muda mrefu maneno machache ya mtu ambaye hana hata jina. Wamegundua kwamba hadithi ilikuwa ikiwakusanya watu hao tangu mwanzo kwa ajili ya saa moja ya giza.

Wapendwa, hiyo ndiyo faida ya kurudia. Safari ya kwanza macho yetu yako kwa shujaa na kwa mwisho. Ni tunaporudi ndipo tunawaona tuliowapita.

Jaribuni katika Maandiko. Habari ya Naamani katika Wafalme wa Pili sura ya 5 tumeihubiri sana, na kila mara tunasema juu ya jemadari mwenye ukoma na nabii Elisha. Isomeni tena. Anayeanzisha uponyaji ni binti mdogo wa Kiisraeli, mateka, mtumishi wa ndani ambaye jina lake hatulijui. Alitekwa na jeshi la Waaramu, na Naamani ndiye jemadari wa jeshi hilo. Hata hivyo anamtakia bwana wake heri. Someni Matendo 23:16: Paulo anaokolewa na njama ya kuuawa kwa sababu ya mtoto wa dada yake, kijana ambaye hatumsikii tena popote. Someni Warumi 16, sura ambayo wengi huiruka kwa kuwa ni majina matupu. Humo yumo Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na yumo Tertio, aliyeshika kalamu Paulo alipokuwa akisema. Waraka ambao umejengewa mafundisho mengi ya kanisa uliandikwa kwa mkono wa mtu tunayempita bila kumsalimu.

Msikilizaji anayesema, "Hiyo habari nimeshaisikia," amesikia habari ya shujaa. Bado hajamsikia yule binti.

Hata hivyo si kila kurudi ni kwema. Katika Hesabu sura ya 11 Waisraeli jangwani walikumbuka samaki wa Misri, matango na matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Kumbukumbu yao ilikuwa na kila kiungo cha mboga, ila haikuwa na mjeledi wa msimamizi. Naye Mhubiri, katika sura ya 7 mstari wa 10, anatuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi. Wapo mashabiki wa namna hiyo, ambao hurudi kwenye gemu za zamani ili tu kuwatukana vijana na gemu zao za leo. Wanasahau kwamba EarthBound ilipotoka Marekani haikununuliwa sana, na zama hizo wanazozisifu ndizo zilizoipuuza. Makanisa yetu nayo yana watu wa matango ya Misri. Wanaisifu kwaya ya zamani ili kuivunja moyo kwaya ya sasa, na wanamtaja mchungaji aliyestaafu ili kumchoma aliyepo. Hiyo si kumbukumbu. Ni manung'uniko yaliyovaa nguo za kumbukumbu.

Tutapimaje basi kurudi kwetu? Nehemia ametupa kipimo: je, kuna fungu linalopelekwa kwa yule asiyeandaliwa kitu?

Kwa kipimo hicho baadhi ya mashabiki hawa wanatuaibisha. Mwaka 2006 ilitoka Mother 3, kwa Kijapani pekee, na Nintendo haikuitoa kwa Kiingereza. Walioipenda nje ya Japani walikuwa mfano wa watu waliosimama mbele ya Lango la Maji na kusikia sauti wasiyoielewa. Kikundi cha mashabiki, kikiongozwa na mfasiri wa Kimarekani Clyde Mandelin, kikaketi kuifasiri hadithi nzima, na Oktoba 2008 kikaitoa bila kutoza hata senti. Baadaye Mandelin alijitolea kuipa Nintendo tafsiri yake bure, kama ingetaka kuitumia. Hiyo ni kazi ya Walawi: kuifafanua habari hadi mwenzako aelewe, naye apate kulia na kucheka pamoja nawe.

Fungu lingine lilikuja mwaka 2015. Toby Fox, kijana wa Kimarekani aliyetoka miongoni mwa mashabiki wa EarthBound, alitoa gemu yake iitwayo Undertale. Humo mchezaji anaweza kufika mwisho bila kumuua adui hata mmoja, kwa kuzungumza nao na kuwahurumia. Aliyelelewa na hadithi ambamo mkuu wa genge anageuka kuwa mwombezi, alitunga hadithi ambamo kila adui anaweza kuachwa hai. Huyo hakurudi nyuma ili abaki huko. Alirudi akachota, akaja kuwagawia wengine.

Siwaambii wazazi waondoe mipaka ya saa za gemu nyumbani. Mtoto anahitaji usingizi, anahitaji vitabu vyake na jua la mchana, na gemu nyingine zina mambo ambayo hayafai umri wake. Hata katika EarthBound, mchezaji akikaa muda mrefu baba hupiga simu kumshauri apumzike. Ninachosema ni kwamba kijana wako anapokueleza kwa shauku juu ya hadithi aliyoirudia, usimkatize kwa neno "upuuzi". Muulize: ni nani katika hadithi hiyo ambaye mara ya kwanza hukumwona? Ukimsikiliza kwa uvumilivu, utakuwa umempa mazoezi ya kusoma Injili.

Na sisi watu wazima tuna kazi yetu wiki hii. Chagueni habari moja ya Biblia ambayo mnaijua hata mngeamshwa usiku, muisome katika jumuiya, kwa sauti, bila haraka. Ikiwa ni ile mikate mitano ya Yohana 6, mtafuteni mtoto aliyeibeba, na Andrea aliyemwona katika umati. Kisha kila mmoja atafakari safari yake mwenyewe: ni nani alikuombea nawe hukujua? Mwalimu wa Shule ya Jumapili, mama jirani aliyekupokea ulipohamia mjini, yule uliyegombana naye ukadhani ni adui wa kudumu. Aliye hai mpigie simu umshukuru. Aliyetangulia, mshukuruni Mungu kwa ajili yake.

Jumapili, baada ya ibada, kila jumuiya ilete fungu: unga, mchele, sabuni, chochote mlichonacho. Tutavipeleka kwa wale ambao majina yao hayasomwi kwenye matangazo ya kanisa. Wazee wa jumuiya wanawajua. Njooni na watoto, wawaone kwa macho yao.

Bwana awabariki.