Wosia wa Zamani na Nyumba ya Leo

Somo: 2 Wafalme 20:1–6 na 21:1



Miaka mingi nilifundisha hesabu, na kila mwaka niliwaonya wanafunzi jambo moja: jibu lililokuwa sahihi jana huwa kosa leo, ikiwa tarakimu za swali zimebadilishwa. Sikudhani kwamba onyo hilo lingenirudia mwenyewe uzeeni.

Mfalme Hezekia aliugua sana, na nabii Isaya akatumwa kumwambia aweke mambo ya nyumba yake sawa, kwa kuwa atakufa. Hezekia akageukia ukuta, akaomba, akalia. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Hapo ndipo wengi wetu tunapofunga Biblia na kushangilia. Lakini endelea kusoma mpaka sura ya 21. Hezekia alipokufa, mwanawe Manase alitawala akiwa na umri wa miaka 12. Haya, toeni 12 katika 15. Manase alizaliwa baada ya baba yake kupona! Kama Hezekia aliyapanga mambo yake pale kitandani, basi mrithi aliyeketi katika kiti chake hakuwamo katika mpango ule, kwa sababu alikuwa hajazaliwa. Uzima tunaoongezewa huja na mambo mapya, nayo mambo mapya hudai mpango mpya.

Sasa niwaeleze kisa, nami nakieleza kwa aibu. Mzee mmoja rafiki yangu, Mkristo wa kanisa jingine, aliandika wosia mwaka 1996. Alinijia akasema, “Mwalimu, njoo utie sahihi, uwe shahidi.” Nikaenda. Shamba alimwachia kifungua mimba, na kiwanja cha sokoni akamwachia wa pili. Tukanywa chai, karatasi ikafungiwa katika sanduku la bati.

Mwaka 2003 mzee aliuza kile kiwanja ili alipe karo. Baadaye Mungu akamjalia kitinda mimba, msichana. Yote hayo niliyajua. Mara nyingi nilitaka kumwambia, “Mzee, ile karatasi yetu imepitwa.” Lakini nikajiambia, nikimtajia wosia atadhani namtakia kifo. Basi nikanyamaza, nikauita ukimya wangu adabu.

Mzee akafariki. Matanga yalipokwisha, wosia ukasomwa. Wa pili akasikia amepewa kiwanja ambacho tayari kilikuwa na duka la mtu mwingine. Kitu ulichokwisha kukiuza hakirithiwi, hata kikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Yule binti hakutajwa hata kwa jina. Ni kweli sheria ya Kenya humruhusu mtegemezi aliyeachwa nje ya wosia kwenda mahakamani kuomba fungu, lakini njia hiyo hula fedha, na udugu pia. Wale ndugu leo hawasalimiani. Mama yao hula Krismasi kwa huyu na Pasaka kwa yule. Siku moja aliniuliza kwa upole, “Mwalimu, si wewe uliyekuwa shahidi? Hukuona kwamba mambo yalikuwa yamebadilika?” Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilifungua wosia wangu mwenyewe, niliouandika mwaka 2001. Msimamizi niliyemtaja ni kaka yangu, aliyefariki mwaka 2012. Nyumba nilimwachia mke wangu, naye alilala katika Bwana mwaka 2016. Na juu ya binti yangu nilikuwa nimeandika kwamba yeye ameolewa, atapata huko alikoolewa. Binti huyo ndoa yake ilivunjika. Alirudi nyumbani na watoto wawili, na leo ndiye anipikiaye uji na kunisindikiza hospitalini. Mwalimu wa watu wote alikuwa na karatasi iliyojaa majina ya marehemu, na aliye hai chini ya dari yake alikuwa amefungiwa mlango!

Hata hivyo nilikawia karibu mwaka mzima. Niliogopa maneno ya wanaume wa ukoo. Kilichonivunja ni habari ya binti za Selofehadi. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, nao wakasimama mbele ya Musa kudai fungu lao. Musa hakuwafukuza. Alipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema wana haki. Hiyo ni sura ya 27. Katika sura ya 36 wazee wa kabila walileta shida nyingine itokanayo na amri ile ile, nalo shauri likatazamwa tena, likaongezewa neno. Na kitabu chenyewe chaitwa Hesabu! Ikiwa urithi uliotolewa mbele ya Musa ulitazamwa mara ya pili, karatasi yangu ni nani hata isiguswe? Niliandika upya, na binti yangu yumo pamoja na ndugu zake.

Wapenzi wasomaji, mambo haya yashikeni:

Kwanza, jueni nyakati za kuutazama wosia. Mtoto akizaliwa, mtu akifa, ndoa ikivunjika, shamba likinunuliwa au kuuzwa, msimamizi akifariki, fungua sanduku. Na wewe mjane uliyeoa au kuolewa tena, sikia: kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, ndoa huufuta wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa wosia huo ulitaja kwamba unaitazamia ndoa hiyo na mtu huyo.

Pili, usikatekate mistari kwa kalamu na kuandika pembeni. Badiliko lisilo na sahihi yako na za mashahidi halina nguvu. Ni heri kuandika wosia mpya, useme waziwazi kwamba unafuta ule wa kwanza, kisha utie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Anayerithi asiwe shahidi, wala mumewe au mkewe, kwani anaweza kupoteza alichoachiwa. Aliye na wakili na amwone.

Tatu, usitegemee neno la mdomo. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na kwa kawaida hausimami ila msemaji akifa kabla ya miezi mitatu kwisha. Uliyosema Pasaka hayatasaidia mtu Krismasi.

Nne, kumbuka karatasi za Sacco na za pensheni. Nendeni mkaulize ni jina la nani mliloandika miaka ile mlipoajiriwa. Wengine mtakuta jina la mama aliyekwisha kuzikwa.

Na wewe shahidi, usiwe kama mimi. Mkumbushe ndugu yako angali mzima. Kanisa letu halioni jambo hili kuwa uchuro. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, katika ibada ya kuwazuru wagonjwa, kinaagiza kwamba watu wakumbushwe mara kwa mara kupanga mambo ya mali zao wakiwa bado na afya. Tazameni: mara kwa mara, wala si siku moja tu. Mimi nimechagua Majilio. Kila mwaka tunapojitayarisha kumpokea Bwana, nitausoma wosia wangu mbele zake, nimwulize kama kuna mtu nimemsahau.

Mwokozi wetu hakuwa na shamba wala nyumba, na vazi lake liligawanywa na askari. Lakini hata msalabani, katika maumivu yale, alimtazama mama yake akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Hakuacha mali, aliacha utunzaji. Basi tusiwaachie watoto wetu ekari mbili na uadui wa vizazi viwili.

Tuombe: Ee Bwana, utufundishe kuzihesabu siku zetu. Utupe ujasiri wa kuyatengeneza tuliyoyaandika kwa haraka, kwa hofu au kwa upendeleo. Uwapatanishe ndugu waliotengwa na urithi, na ulifungue kila sanduku lililofungwa kwa aibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu, mtumishi mwenzenu katika Bwana.