Kujikwaa Kidole na Kujikwaa Ulimi



Wazee wetu walituachia methali isemayo, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtoto. Kidole cha mguu kikigonga jiwe kitatoka damu, na baada ya siku chache kitapona. Bali ulimi ukijikwaa, neno limekwisha kutoka, na aliyeumizwa nalo huenda asipone. Lakini siku hizi twazungumza kwa vidole. Ndugu aliye mbali twamsalimu kwa kidole, mfiwa twampa pole kwa kidole, hata mchango wa harusi twautuma kwa kidole. Basi yafaa tujiulize: ikiwa kidole ndicho kimekuwa ulimi, je, kikijikwaa, kosa ni la nani?

Swali hili halikutujia kwa kusoma vitabu. Lilitujia likibisha hodi mlangoni.

Mwaka jana, baada ya mvua za masika, tulimtuma mjukuu wetu, ambaye ni fundi wa kuezeka, aende Korogwe kwa mwalimu mwenzetu mstaafu, ambaye paa lake lilikuwa linavuja. Kijana alikaa huko siku sita, akamaliza kazi, akaaga, akapanda basi la jioni kurudi kwetu Muheza. Usiku ule sisi tuliona ni adabu kumwuliza yule mwenzetu kama kazi imempendeza. Tulikusudia kuandika hivi: “Kijana wetu amekufaa?” Yaani, je, amekuwa msaada kwako? Tuliandika kwa haraka, bila miwani, tukatuma. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na betri ya simu ikaisha papo hapo. Tukalala.

Maneno yaliyofika Korogwe yalikuwa haya: “Kijana wetu amekufa.” Herufi moja ilipungua, na alama ya kuuliza haikuwapo.

Mwenzetu alimjua kijana huyo. Alikuwa amempikia chakula siku sita na kumwona akipanda basi. Akapiga simu yetu mpaka usiku wa manane, haipatikani. Alfajiri akajifunga khanga zake za msiba, akapokea rambirambi za majirani katika leso, akapanda basi la kwanza. Saa moja na nusu asubuhi akabisha hodi kwetu. Aliyemfungulia mlango ni yule kijana mwenyewe, mswaki mdomoni.

Mwenzetu aliketi chini pale pale barazani. Hakulia wala hakucheka. Ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na kwa muda wa nusu saa tuliogopa kwamba msiba wa uongo utazaa msiba wa kweli. Tulimletea maji. Tulimwomba radhi, na katika kuomba radhi huko tukasema neno ambalo kila mmoja wetu hulisema siku hizi: kwamba simu ndiyo iliyokosea. Yeye alimaliza kunywa maji, akaweka kikombe chini, akasema, “Mwalimu, simu haina mtu inayemjua Korogwe. Aliyeniandikia ni wewe.”

Hatukuwa na jibu, na kwa siku nyingi neno lile lilitukaa moyoni. Je, alitutendea haki? Maana sisi hatukukusudia. Huenda kidole kiliruka herufi. Huenda pia simu yenyewe ilitangulia kutukadiria neno, kwa kuwa simu hizi za kioo hupendekeza neno kabla mtu hajalimaliza, na hupendekeza lile ambalo watu huliandika mara nyingi. Sasa, kati ya “amekufa” na “amekufaa”, ni lipi linaloandikwa zaidi? Kwa masikitiko, twajua sote. Mashine inayokadiria maneno haijui ukweli. Inajua mazoea tu.

Ndipo tulipokata shauri kuiacha simu ya kioo na kutafuta simu yenye batani za herufi, kila herufi na batani yake, kama taipureta ndogo. Ili wasomaji waelewe kwa nini tulifikiri hivyo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mitihani ya majaribio ilipigwa kwa taipureta juu ya stensili, kisha ikatolewa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Herufi zilitoboa nta ya stensili. Ukikosea, ulipaka dawa ya kusahihishia, ukangoja ikauke, ukapiga tena juu yake. Kungoja kule kulikuwa mwalimu mkali kuliko wakufunzi wote. Mtu aliyengoja mara kumi kwa ukurasa mmoja alijifunza kufikiri kwanza na kupiga baadaye.

Mpango wa herufi tuliojifunza, ule ambao safu yake ya juu huanza na Q, W, E, R, T, Y, haukuundwa kwa ajili yetu. Ulitokana na kazi ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani. Yeye na wenzake walipata hati ya uvumbuzi wa mashine yao mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Q na X, ambazo Kiswahili sanifu hakizihitaji, zimepewa nafasi zao. Lakini A, ambayo Kiswahili hakiwezi kutembea hatua mbili bila hiyo, imewekwa ukingoni kabisa, chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo na dhaifu kuliko vyote. Mkufunzi wetu alitufanyisha zoezi la kidole hicho asubuhi baada ya asubuhi: baba, kaka, dada, haraka, maarifa. Na tazama, miaka arobaini baadaye, herufi iliyotuangusha ni hiyo hiyo A.

Simu zenye batani za herufi zilikuwa na enzi yake. Kampuni ya Research In Motion ya Waterloo, Kanada, ilitoa kifaa chake cha kwanza cha jina la BlackBerry mwaka 1999, na kwa miaka kadhaa wakubwa wa maofisi katika nchi nyingi walitembea na simu hizo, wakiandika barua kwa vidole gumba. Mwaka 2007 Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipoionyesha iPhone, alieleza kwamba batani za plastiki hukaa pale pale, uzihitaji usizihitaji, bali kioo huweza kugeuka kiwe chochote kinachotakiwa. Dunia ilimsikia. Tarehe 4 Januari 2022 huduma za simu za BlackBerry za mtindo wa zamani zilifungwa. Hata hivyo mbegu haikupotea yote: kampuni ya Unihertz ya Shanghai, China, ilitangaza mwaka 2019 simu iitwayo Titan, yenye herufi za kubonyeza na yenye kufanya kazi zote za simu za leo, na imeendelea kutoa nyingine za ukoo huo. Mpwa wetu aliyeko Dar es Salaam alitutafutia simu ya namna hiyo, iliyokwisha kutumika, akatuletea.

Tuseme kweli, ilitupendeza. Batani hujibu kidole. Mtu ajua amebonyeza, na ajua ni herufi moja wala si mbili. Tuliondoa kabisa ule msaada wa kukadiria maneno. Tuliandika polepole, na katika upole ule tukapata tena kitu cha zamani, yaani kusikia neno moyoni kabla ya kulitoa. Tulijiona tumelipa deni letu la Korogwe.

Mjukuu wetu, yule yule aliyefiwa na kufufuka, alitutazama kwa siku chache, kisha akasema, “Bibi, lakini hata ile simu ya zamani ungeweza kuizima isikadirie maneno. Ni batani moja tu.” Tulinyamaza. Akaongeza kwa heshima, “Na ungeweza kuvaa miwani.” Sisi tuliomfundisha methali alipokuwa mdogo hatukumlaumu kwa kuzikumbuka: mchagua jembe si mkulima.

Lakini somo kamili lilikuja baadaye, nalo ni chungu kuliko la kwanza. Kuna ndugu yetu mmoja tuliyemkopesha fedha za ada ya mtoto wake. Ahadi ikapita, na wiki mbili zikapita juu yake. Jioni moja, tukiwa na hasira, tukaketi na simu yetu mpya tukamwandikia. Tulimwambia kwamba mtu asiyetimiza ahadi hafundishi watoto wake chochote hata akiwalipia ada. Tulisoma tulichoandika, tukaweka koma mahali pake, tukatuma. Wasomaji, katika ujumbe ule hapakuwa na kosa hata moja la tahajia. Kila herufi ilikuwa mahali pake. Siku ya tatu tukapata habari kwamba mkewe alikuwa amelazwa hospitali tangu mwezi uliopita, na kwamba fedha zile zimekwenda kwenye dawa.

Sasa tulikuwa na jumbe mbili za kulinganisha. Wa kwanza ulikuwa na kosa la herufi, bila ubaya wowote moyoni. Wa pili haukuwa na kosa la herufi, ila ubaya ulikuwa ndani yake wote. Wa kwanza tuliulaumia simu. Wa pili tungeulaumia nini?

Hapa twafikia kiini cha jambo. Katika shule tulikuwa tukitofautisha mambo matatu ambayo watoto huyachanganya: ajali, uzembe na kusudi. Mtoto akijikwaa na kuvunja mtungi, ni ajali. Akiuvunja kwa kukimbia nao hali ameonywa, ni uzembe. Akiuvunja ili kumkomoa mwenziwe, ni kusudi. Adhabu zake si sawa, na mwalimu anayezifanya sawa si mwalimu. Lakini katika yote matatu kuna jambo moja lisilobadilika: vigae vitaokotwa na yule aliyevunja. Hata asiye na hatia ana wajibu. Hiyo ndiyo haki aliyotutendea mwenzetu wa Korogwe. Hakusema kwamba tulimchukia, wala hakusema kwamba tulikusudia. Alisema tu kwamba vigae ni vyetu.

Mtu anaposema “simu imekosea”, mara nyingi asema kweli kuhusu herufi, ila asema uongo kuhusu wajibu. Ni lugha ya kale sana. Adamu alipoulizwa bustanini alimtaja mkewe, na mkewe akamtaja nyoka. Leo nyoka amepungukiwa kazi, maana tuna simu, tuna mtandao, tuna kompyuta ya benki. Na kadiri mashine zinavyozidi kutumalizia maneno yetu, ndivyo tutakavyozidi kuwa na mahali pa kuyatupa makosa yetu. Hivi sasa ziko programu zinazoweza kumwandikia mtu barua nzima ya rambirambi. Siku moja mfiwa atapokea barua nzuri isiyotoka kwa mtu. Je, atakuwa amepewa pole na nani?

Je, basi twasema kwamba kila mtu atupe simu ya kioo? La hasha. Kioo kina baraka zake. Mzee mwenye macho hafifu hukuza maandishi mpaka ayaone. Kipofu husomewa na simu yake. Bibi asiyejua kusoma hubonyeza mara moja, akazungumza, na sauti yake ikafika Mombasa au Maskati jinsi ilivyo. Kumnyang'anya huyo kioo chake kwa ajili ya kupenda kwetu taipureta kungekuwa majivuno.

Wala hatusemi kwamba chombo si kitu. Mtu aliyejua udhaifu wake, akachagua chombo kinachomzuia kukimbia, amefanya hekima. Ni kama yule anayeiacha pochi nyumbani kwa kuwa ajua mkono wake ni mwepesi sokoni. Lakini ni lazima ajue kwamba amefunga mlango mmoja tu wa nyumba yenye milango mingi. Batani zilituponya haraka ya kidole. Haraka ya hasira hazikuigusa.

Simu yetu ya batani tungali nayo, na makala hii tumeiandika kwayo. Kabla ya kutuma ujumbe wowote sasa, twausoma kwa sauti, tumevaa miwani, tukimfikiria yule atakayeupokea: yuko wapi saa hii, na ana nini moyoni. Sikio hukamata makosa ya herufi ambayo jicho huyapita, na mara mojamoja hukamata na lile kosa lingine.

Kwa ndugu yetu hatukutuma ujumbe wa kuomba radhi. Tulikwenda kwa miguu mpaka wodini, tukaketi kando ya kitanda cha mkewe, tukasema kwa kinywa. Na kwa mwenzetu wa Korogwe, zile rambirambi alitaka kuzirudisha kwa majirani zake, ila majirani walikataa kuzipokea, wakasema fedha ya msiba hairudi nyumbani. Tulishauriana, zikanunua bati mbili zilizokuwa zimepungua katika paa lake. Kijana alikwenda mwenyewe kuzipigilia. Safari hii hatukuuliza kwa simu kama amemfaa. Tulimngoja arudi, tukamwuliza yeye.