Ayubu Baada ya Kupona

Siku saba, usiku na mchana, Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa chini na rafiki yao Ayubu katika mateso yake bila kumwambia neno. Walivuruga mambo walipoanza kueleza: hakuna anayeteseka bure, kwa hiyo Ayubu aitafute dhambi yake. Mwishoni mwa kitabu cha Ayubu katika Biblia, Mungu anawakasirikia hao waliojifanya mawakili wake, na kusema aliyenena sawa ni Ayubu, yule aliyelalamika.

Hata hivyo Elifazi hajaisha. Kinyama kilichopelekwa maabara kikirudi na jibu la saratani, yuko mlangoni: umemkosea nani, unasali kweli? Mwenye saratani ya mlango wa kizazi huulizwa zaidi kwa macho, kwa kuwa kirusi cha HPV huambukizwa kwa kujamiiana. Ukweli ni kwamba kirusi hicho huwapata watu wengi mno, wakiwemo walioolewa na mume mmoja tu maishani, na wachache kati yao ndio huugua.

Waislamu nao wanamjua Nabii Ayubu. Katika Kurani anamlilia Mola wake kwamba dhara limempata, na Mola huyo huyo anamsifu kuwa mwenye subira. Basi kumwambia mgonjwa "subiri" ili anyamaze ni kumnyang'anya kilio ambacho Nabii huyo hakunyimwa.

Lakini katika Biblia kuna aya ya sura ya 42 ya kitabu cha Ayubu ambayo mahubiri huipita mbio. Ayubu amekwisha kurejeshewa mali yake maradufu. Ndipo ndugu zake na wote waliomjua wanakuja, wanakula naye nyumbani kwake, wanamlilia na kumfariji kwa yote yaliyompata. Wanamfariji mtu ambaye mambo yake yamenyooka!

Daktari Mmarekani Fitzhugh Mullan, aliyepatikana na uvimbe kifuani mwaka 1975 akiwa na miaka 32, aliandika mwaka 1985 kwamba kunusurika saratani kuna misimu yake, na tiba ikiisha mtu bado yumo safarini. Aliwalaumu wataalamu wenzake kwa kumwokoa mtu majini kisha kumwacha gatini akikohoa peke yake.

Katika makanisa mengi aliyemaliza mionzi husimamishwa atoe ushuhuda. Watu wanapiga vigelegele, na ni haki yao kufurahi. Shida huja kesho yake, kwa kuwa aliyekwisha kutangaza uponyaji ataanzaje kusema anaogopa? Ganzi ya dawa imebaki vidoleni, kifungo cha blauzi kinamshinda. Mkono wa upande uliotolewa titi na tezi za kwapani umevimba, na ndoo ya maji anabebewa na mtoto. Mwingine mionzi ya nyonga imemkatia hedhi kabla ya wakati, na tendo la ndoa limekuwa maumivu asiyothubutu kumtajia mumewe. Kila kliniki ikikaribia, usingizi unapotea. Hofu hiyo haifuti shukrani yake. Zote mbili ni zake, na anaposwali au kusali anazipeleka pamoja.

Ndugu za Ayubu hawakuja mikono mitupu. Kila mmoja alileta kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Jumuiya nyingi huchangia mgonjwa akiwa kitandani, kisha jina lake linatoka kwenye orodha akirudi nyumbani. Mtu wa Kigoma anayetakiwa kurudi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kuangaliwa tena, huenda aliuza ng'ombe wake wa mwisho wakati wa matibabu, na nauli ya safari hiyo bado hajaipata.